Naombeni ushauri: memori kadi ya kamera ya zamani inagoma, na picha za mama zimo humo

Wakuu, habari zenu. Nina kamera ya dijitali ya zamani, zile zinazokubali SD ya kawaida tu, mwisho 2GB. Kadi yake imeanza kusumbua: mara inasoma, mara kioo kinaandika kadi ina hitilafu. Kwenye kompyuta inadai ifomatiwe. Nimekataa kabisa, maana humo kuna picha za marehemu mama tulizopiga Kigamboni, na hazina nakala popote.

Kaswichi ka pembeni ka kufungia kadi kako sawa. Vile vichuma vya dhahabu nimevifuta kwa kitambaa kikavu, bila mafanikio. Kadi ya kuazima inapiga vizuri, kwa hiyo kamera siishuku.

Aliyewahi kutumia PhotoRec, ile programu ya kuokoa picha zilizopotea kwenye kadi, anisaidie: nianze kwa kunakili kadi yote kama ilivyo kwenye kompyuta, au niiendeshe moja kwa moja kwenye kadi? Naogopa isije ikafa katikati ya kazi.

Halafu Kariakoo kila duka wananipa 32GB, ambazo ni SDHC (aina mpya kuliko SD ya kawaida), kamera haizitambui. Wapi hapa Dar naweza kupata 1GB au 2GB isiyo feki?