Tope linaongezeka, kipimo kinashuka: kihisi cha mwanga Hombolo

KisimaChaKati:
Wakuu, habari za Dodoma. Naandaa kihisi cha kupima chembe baharini, Bagamoyo. Kabla ya kushuka pwani nakijaribu kwa maji ya bwawa la Hombolo. Taa ni ya infraredi, nanometa 860, kipokezi kiko pembe ya nyuzi 90 kutoka kwenye mwali wa taa. Kwenye ndoo nyeusi naongeza tope kijiko kwa kijiko: namba inapanda, inagoma, halafu inashuka maji yakishakuwa kama chai ya maziwa. Betri imejaa, waya ni mzima. Tatizo nini?

MajiMekundu:
Kifaa ni kizima, mkuu. Tope likizidi, mwanga uliotawanywa na chembe moja hugonga nyingine njiani, ukapotea kabla ya kufika kwenye kipokezi. Ndiyo maana namba moja yaweza kuwa ya maji mepesi au ya mazito mno, na ukiisoma kwenye jedwali huwezi kujua ni yapi. Hapo watu wengi huharibu data ya msimu mzima.

Chukua mililita 10 za sampuli, ongeza 90 za maji ya bwawa hilohilo yaliyochujwa, soma, zidisha kwa 10. Rudia kwa 5 na 95, zidisha kwa 20. Majibu yakikaribiana, uko salama. Koroga taratibu, soma upesi kabla mchanga haujatuama. Usipunguzie kwa maji ya chumvi: udongo wa mfinyanzi utagandana mabonge, usomaji ubadilike.

KisimaChaKati:
Sampuli ilisoma 610. Kwa 10 na 90 napata 1,940, kwa 5 na 95 napata 1,980. Asante sana. Sasa naweza kutafuta mlinganyo wa kugeuza namba hizi kuwa miligramu za chembe kwa lita, na kuutumia Bagamoyo?

Chujio07:
Hapana, ndugu. Kwa uzito uleule, udongo laini hutawanya mwanga zaidi sana kuliko mchanga. Mlinganyo wa Hombolo uache Hombolo.

Bagamoyo pima upya uzito wa chembe: chuja maji ya huko kwa karatasi ya nyuzi za kioo, matundu ya mikromita 0.7, uliyoipima uzito ikiwa kavu. Isuuze kwa maji yaliyokenekwa mpaka ukingoni mwa karatasi: lita ya maji ya bahari ina chumvi kama gramu 35, chembe ni miligramu tu. Kausha kwa nyuzijoto 105 za Selsiasi mpaka uzito utulie.

Mbali na ufukwe chembe ni chache, kipokezi cha nyuzi 90 hakitatosha. Tumia kifaa kinachopima mwanga mwekundu unaopenya sentimita 25 za maji. Ukipenya asilimia 80, chukua logi asilia ya 0.80, ondoa alama ya kutoa, gawa kwa 0.25: unapata 0.89 kwa mita, yaani kiwango cha mwanga kufifia majini. Futa vioo kila unapozamisha, na kishushe mita kadhaa kwanza, maana mapovu ya juu husomeka kama chembe.