Tupeane uzoefu: saa ya kompyuta ya nyumbani inayorudi nyuma kila ukiizima

Kinyonga wa Jioni:
Wakuu habari zenu. Nimechoka. Kompyuta yangu ya mezani kila nikiiwasha asubuhi saa iko nyuma. Ilianza kwa dakika kumi, nikadhani macho yangu. Wiki hii imefika saa mbili na ushee. Naiweka sawa kwa mkono, mchana kutwa inakwenda vizuri, nikizima usiku, kesho yake yale yale. Leo imenitia aibu: nina kikao cha video, nimekaa natazama kona ya skrini, najiambia bado nina dakika arobaini, kumbe wenzangu wamemaliza na kuagana. Aliyewahi kupatwa na hili aseme lilimfikaje na alilimalizaje.

Ngurumo:
Betri. Badilisha. Uzi ufungwe.

Mama Wawili:
Ngurumo acha papara, watu ndiyo kwanza tunavuta viti. Kinyonga umenikumbusha mbali. Yangu haikuanza na saa, ilianza na tovuti. Asubuhi moja nafungua barua pepe, kivinjari kinaniambia muunganisho si salama. Nikajaribu benki, si salama. Nikajaribu hata kamusi, si salama! Nikajua nimeingiliwa. Nikachukua simu nikabadilisha nywila zote, zangu na za mume, nikachomoa na waya wa intaneti kabisa. Siku mbili nyumba haina amani. Alipokuja mdogo wangu, alitazama skrini mara moja akauliza, "Dada, hapa kwenu bado ni 2012?" Kumbe vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kompyuta iliyoamka 2012 ikionyeshwa cheti kilichotolewa juzi, kwake hicho hakijazaliwa. Zile nywila nyingine mpaka leo sizikumbuki.

Sauti ya Kinanda:
Hiyo ya "si salama" ilinikuta, neno kwa neno. Mimi nilimlaumu jirani niliyempa nywila ya Wi-Fi.

fundi_kimya:
Ngurumo huenda amepata, ila amerukia jibu. Swali la kwanza ni moja: muda unapotea kompyuta ikiwa imezimwa, au ikiwa imewashwa? Kwenye bodi kuna saa ndogo inayojitegemea. Inahesabu mitetemo ya kipande cha fuwele, 32,768 kwa sekunde. Igawe kwa mbili mara 15 unabaki na moja, ndiyo sekunde yako. Kompyuta ikizimwa na kuchomolewa, saa hiyo inaishi kwa betri bapa ya volti 3, CR2032. Ukiwasha, Windows inaisoma, kisha inaendelea kujihesabia yenyewe. Kwa hiyo ikipotea usiku na mchana ikatulia, kama ya Kinyonga, mshukiwa ni betri. Ikipotea mchana unaitumia, utabadilisha betri mpaka uchoke.

Kuhakikisha: kabla ya kulala linganisha na simu, zima, chomoa. Asubuhi usiache Windows ifunguke, ingia moja kwa moja BIOS, ile menyu ya bodi yenyewe inayotangulia Windows, usome saa ya huko.

Ila kuna kitu sijaelewa Kinyonga. Kama intaneti unayo, mbona Windows haijiwekei saa sawa?

Kinyonga wa Jioni:
Aah. Hiyo ya kujirekebisha yenyewe niliizima. Nilidhani ndiyo inayoniharibia.

Ngurumo:
Hahaha mgonjwa kamfukuza daktari.

Njiwa Manga:
Msimcheke, na mimi niliizima. Halafu hata ukiiwasha usiitegemee sana. Ya kwangu ilikuwa inarudi nyuma miaka, na ikirudi hivyo Windows haijirekebishi. Nikaja kujua kwamba kwenye kompyuta ya kawaida ya nyumbani tofauti ikizidi saa 15 inaikataa, inaona haiwezekani mtu awe amepotea kiasi hicho. Lazima uisogeze kwanza kwa mkono karibu na ukweli, ndipo ufungue dirisha la amri kama msimamizi uandike w32tm /resync. Na zile Windows za zamani zilikuwa zinauliza saa mtandaoni mara moja kwa wiki. Wiki nzima!

Pangu Pakavu:
Mimi nilinunua betri mbili bure kabisa. Kompyuta yangu ina mifumo miwili ya uendeshaji, Windows na Linux. Kila nikitoka Linux nikaingia Windows, saa imeruka masaa matatu kamili, hata dakika haizidi. Nikasema betri. Nikabadilisha, vile vile. Nikasema betri feki, nikanunua nyingine. Kumbe Linux inaandika kwenye ile saa ya bodi saa ya dunia, UTC, na Windows ikiisoma inadhani ni saa ya hapa ulipo. Kila mmoja anamsahihisha mwenzake usiku na mchana. Nilitumia timedatectl set-local-rtc 1, ikaisha.

Mwana wa Sarufi:
Saa tatu. Si masaa matatu.

Pangu Pakavu:
Nikisema "imeruka saa tatu" utajuaje ni muda uliopotea au ni wakati wa siku?

Mwana wa Sarufi:
Kwa muktadha. Ndiyo kazi yake.

Ngurumo:
Mtu ana kompyuta mbovu nyie mnagombea ma-.

fundi_kimya:
Pangu, hiyo amri inafanya kazi, lakini Linux yenyewe ukiitumia inakuonya kwamba haiipendi. Njia safi ni kuifundisha Windows isome UTC: kwenye rejista, ghala la mipangilio ya Windows, unaongeza RealTimeIsUniversal, unaipa 1. Ila kanuni nimeipenda, wengine ishikeni: tofauti ikiwa ya saa kamili, usiguse bisibisi. Tazama ukanda wa saa, tazama mifumo miwili. Betri inayokufa haijui hesabu za mviringo.

Pangu Pakavu:
Yangu inaenda vizuri mwaka wa pili. Rejista siigusi.

Jongoo Mtini:
Nimesoma tangu juu nikasema nipite kimya, ila ule msemo wa "betri, badilisha" umenichoma. Acha niseme.

Kompyuta ilikuwa ya baba. Mzee alipostaafu alianza kuandika historia ya ukoo wetu, nani alizaa nani, nani alihama lini na kwa nini. Miaka minne anaandika. Barua za zamani alizipitisha kwenye skana moja moja, nyingine zimechanika unazishika kama ganda la yai. Kila kitu kwenye diski ile moja. Bekapu alikuwa haijui, na mimi ninayeijua sikumwambia.

Basi saa ikaanza kupotea. Kwake lilikuwa jambo kubwa, kwa sababu kila ukurasa alikuwa anaubandika tarehe na saa. Akaniita. Nikaja na betri mfukoni, najiona bingwa. Nikafungua, nikachomoa ile kuukuu, nikapachika mpya, dakika tano. Nikawasha. Ikatokea skrini nyeusi yenye maandishi meupe, kwamba mipangilio imepotea, bonyeza F1. Nikabonyeza. Ikanipa chaguo la kurudisha mipangilio ya kiwandani, nikakubali. Windows ikaanza kufunguka, nikamwambia mzee "tayari". Halafu skrini ikawa ya buluu: INACCESSIBLE BOOT DEVICE. Ikajizima, ikajiwasha, buluu tena. Mara sita.

Mzee kakaa nyuma yangu kwenye kiti, haulizi kitu. Nikampigia rafiki yangu, namweleza skrini ya buluu. Akasema Windows imekufa, piga formati uweke nyingine, nusu saa tu. Nilikuwa na flashi ya Windows kwenye begi. Ikaniuliza nifute sehemu hii ya diski? Nikabonyeza ndiyo. Wakuu, nilibonyeza ndiyo.

Wiki iliyofuata kuna mtu namsimulia, akaniuliza: ulipokubali mipangilio ya kiwandani, ulitazama diski imewekwa kwenye AHCI au RAID? Nikamwambia sijui hata unachosema. Akanieleza ni njia mbili tofauti za bodi kuzungumza na diski. Kumbe bodi ile ya kiwandani ilikuwa RAID na Windows ya mzee iliwekwa kwenye AHCI. Windows haikuwa imekufa. Ilikuwa haioni diski. Mstari mmoja ndani ya BIOS, unarudisha, unahifadhi, unaondoka.

Jioni ile baada ya kuweka Windows mpya, mzee aliuliza kitu kimoja tu: "Saa imekaa sawa?" Nikamwambia imekaa sawa baba.

Mama Wawili:
Dah.

Sauti ya Kinanda:
Nimeacha nilichokuwa nafanya. Ulimwambia lini kwamba vitu vyake havipo??

Njiwa Manga:
Diski uliitumia tena baada ya hapo? Jongoo jibu! Kama ulisimama palepale kuna uwezekano. Kupiga formati ya haraka hakufuti yaliyomo, kunafuta daftari la mahali vilipo.

Ngurumo:
Pole sana mkuu. Ila nilisema badilisha betri, sikusema futa diski.

Mama Wawili:
Ngurumo, kuna siku za kunyamaza.

Njiwa Manga:
Wa kulaumiwa ni yule rafiki wa kwenye simu. Hukumu ya kifo kwa mgonjwa hujamwona.

Pangu Pakavu:
Rafiki hakubonyeza. Tuwe wakweli.

fundi_kimya:
Kabla ya kugusa betri, ingia BIOS, piga picha kila ukurasa kwa simu. Kila ukurasa, hata usioujua maana yake. Na kama diski imefungwa kwa BitLocker, kufuli ya Windows ya kuficha data, hakikisha ule ufunguo wa uokoaji wa tarakimu 48 unao mkononi, maana mipangilio ikibadilika unaweza kuombwa. Jongoo, pole. Siyo wewe wa kwanza.

Nyota ya Kaskazini:
Na mimi niongeze langu dogo. Sikupata CR2032, nikachukua CR2025 maana upana ni ule ule, milimita 20. Ila ni nyembamba, 2.5 badala ya 3.2, ikawa inalegea. Nikakunja karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti nikaisindika. Ilifanya kazi miezi miwili. Kila nikiisogeza meza, saa inasimama.

Ngurumo:
Kumbe fundi ni meza.

fundi_kimya:
Karatasi ya fedha juu ya bodi? Shukuru ilikuwa saa tu.

Mzee wa Disketi:
Vijana mnalia saa kuchelewa. IBM PC ya 1981 haikuwa na saa kabisa. Kila ukiwasha inakuuliza tarehe, inakuuliza saa, unaandika mwenyewe. Wengi tulikuwa tunabonyeza Enter mara mbili, kwa hiyo faili zetu zote zimezaliwa tarehe 1 Januari 1980. Saa ya betri ilikuja na ile AT ya 1984. Zikafuata bodi zenye betri ya pipa iliyounganishwa kwa risasi, ikizeeka inatoa maji yanayokula shaba. Unafungua unakuta kijani. Hapo husemi saa inachelewa, unasema bodi imekwenda.

Sauti ya Kinanda:
Mzee tunakuheshimu, lakini Jongoo hajajibu.

Njiwa Manga:
Kinyonga kwani huwa unazima swichi ya ukutani?

Kinyonga wa Jioni:
Kila usiku. Nilifundishwa hivyo.

Njiwa Manga:
Ndiyo hiyo. Kompyuta ikiwa kwenye umeme, hata ukiizima, kuna volti 5 ndogo zinabaki zinailisha saa na betri inapumzika. Ukizima ukutani, betri inakesha peke yake kila siku. Acha swichi.

Pangu Pakavu:
Usiache. Umeme ukipiga shoti usiku utaunguza kompyuta nzima kwa kuhurumia betri. Betri ni kitu cha kubadilisha, bodi si kitu cha kubadilisha.

Njiwa Manga:
Nunua kinga ya umeme.

Pangu Pakavu:
Au nizime swichi.

Mama Wawili:
Mkimaliza hilo, lingine si la utani. Betri kuukuu ukiitoa usiiache mezani kama kuna mtoto. Akiimeza, hizi za upana huu zinaweza kukwama kooni na kuunguza ndani kwa saa mbili tu. Haingoji asubuhi, ni hospitali hapo hapo.

Kinyonga wa Jioni:
Nimerudi. Nilifanya kama alivyosema fundi_kimya: nilichomoa, asubuhi nikaingia BIOS kabla ya Windows, saa ya huko ikawa nyuma dakika mia na kitu. Nikapiga picha kurasa zote, kumi na moja. Nikaitoa betri nikaipima kwa mita, volti 2.3. Ni ile iliyokuja na kompyuta. Nimeweka mpya, upande wa + juu, nikarudisha kila kitu kulingana na picha, na kweli ile ya diski ilikuwa imehama! Jongoo, bila wewe ningefika ulipofika. Usiku wa pili leo. Asubuhi iko nyuma sekunde mbili.

Ngurumo:
Betri. Nilisema.

Kinyonga wa Jioni:
Ila hizo sekunde mbili zinanisumbua.

fundi_kimya:
Ziache. Fuwele ya kawaida inakosea kama sekunde moja na nusu mbili kwa siku, joto likibadilika inakosea zaidi. Rudisha ile ya kujirekebisha mtandaoni, hutaziona.

Jongoo Mtini:
Samahani, nilitoka. Diski niliacha kuitumia wiki ile niliyoambiwa. Nikampa mtu mwenye programu ya kuokoa faili. Zilirudi zaidi ya nusu, bila majina wala tarehe, zote zinaitwa namba. Mzee nilimwambia siku ya tatu. Hakunigombeza. Sasa hivi ninavyoandika tumekaa naye, anafungua moja moja, anasoma mistari miwili, ananiambia hii ni ya lini, mimi naandika.

Njiwa Manga:
Na bekapu?

Jongoo Mtini:
Mbili. Moja iko kwangu.

Tofali la Mwisho:
Wakuu samahani kuingilia, yangu haichelewi, inakimbia. Kila siku dakika tatu mbele, na ikiwa imewashwa. Hiyo nayo ni betri?

Ngurumo:
Betri.

fundi_kimya:
Ngurumo!