Daktari anakuja kumpumzisha paka nyumbani: tuandae nini?

Nuru_K:
Habari wadau. Paka wetu ana miaka 16, figo zimekufa, dripu hazimsaidii tena na chakula ameacha. Daktari wa wanyama anakuja Alhamisi mchana kumpumzisha, yaani kumchoma sindano afe bila maumivu, hapa hapa nyumbani. Tatizo ni kwamba akisikia hodi tu, yuko uvunguni, na mgeni akimgusa anaparura. Chumba tukiandaeje? Siku hiyo ale au asile? Dawa ya kumtuliza kabla inafaa kwa mwenye figo mbovu? Kuna watoto na paka mwingine ndani. Nataka aondoke bila hofu.

chumba_cha_tiba:
Pole sana, Nuru. Mpigie daktari leo umuulize kama anatumia sindano mbili. Ya kwanza ni ya usingizi mzito, huchomwa chini ya ngozi au kwenye msuli. Ya pili ndiyo ya mwisho, inayosimamisha moyo, mara nyingi dawa iitwayo pentobabitali, na huingizwa kwenye mshipa. Paka mkali asipolazwa kwanza itabidi abanwe na watu wawili, na hicho ndicho usichokitaka.

Sindano ya kwanza huchukua kama dakika 5 hadi 15 kukolea. Muda huo acheni kumhamisha, kumwita kwa sauti au kupitapita. Paka aliyeanza kulewa dawa akishtuliwa hupambana nayo, na wakati mwingine daktari hulazimika kuongeza dozi. Dawa nyingine, kama ketamini, huwasha zinapoingia, kwa hiyo anaweza kulia au kugeuka ghafla kwa sekunde chache. Nyingine, kama zailazini na deksmedetomidini, hutapisha. Ndiyo maana suala la chakula mwulize daktari kulingana na dawa yake. Kwa kawaida kulamba kidogo kitu anachokipenda hakuna shida, bakuli zima hapana. Maji asinyimwe.

Kuhusu uvungu: saa kadhaa kabla, wala si daktari akiwa mlangoni, muhamishie kwenye chumba kidogo ambacho uvungu wa kitanda na nyuma ya kabati pamezibwa kwa mito au masanduku. Muwekee chombo cha mchanga, maji, na blanketi lake ambalo halijafuliwa, maana harufu yake mwenyewe humtuliza. Daktari akifika apige simu, asibishe hodi.

Dawa ya kutuliza ya kumeza inayotumika sana ni gabapentini, saa 2 hadi 3 kabla. Paka mzima mara nyingi huandikiwa miligramu 50 hadi 100, lakini dawa hii hutolewa mwilini na figo, kwa hiyo kwa mgonjwa wako hukaa muda mrefu zaidi na madaktari wengi hupunguza. Dozi aipange daktari aliyeona vipimo vyake. Kapsuli hufunguliwa, unga ukachanganywa na kijiko kimoja cha chakula laini. Kama hataki kula, unga huo ukorogwe na maji kidogo, apewe kwa bomba lisilo na sindano, pembeni mwa shavu, taratibu. Akitoa mate mengi yenye povu usiogope, ni uchungu wa dawa. Gabapentini ya maji iliyotengenezwa kwa ajili ya binadamu usiitumie bila kumwuliza daktari, kwani baadhi zina zailitoli, kiongeza utamu ambacho huenda kikamdhuru. Na panadoli usimpe kabisa, hata kipande: paka hana uwezo wa kuivunja, damu yake hushindwa kubeba oksijeni, naye hufa kwa mateso.

mshipa_mwembamba:
Yote sawa, ila naongeza kuhusu mwanga, kwa sababu watu hufanya chumba giza halafu daktari anahangaika. Paka wa figo aliyefika hatua hii mara nyingi amekaukiwa maji, presha inaweza kuwa imeshuka, na mishipa imelala. Wekeni taa ya mezani karibu na miguu ya nyuma, iwe imezimwa, iwashwe akishalala fofofo.

Miguu ya nyuma nimeitaja makusudi. Madaktari wengi hunyoa manyoya kidogo upande wa ndani wa paja na kutafuta mshipa hapo, ili wewe ubaki kichwani unamshika. Kwa hiyo kichwa kielekee kwako, mkia kwa daktari. Ukitaka kumpakata, weka mto mgumu mapajani kwanza. Mapaja matupu hucheza na sindano huchomoka. Chini ya kiuno tandika shuka la kunyonya mkojo, kibofu kitalegea.

Nusu saa kabla, weka chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa taulo karibu na miguu hiyo. Joto hufungua mishipa. Ya moto hapana, ngozi ya paka mzee ni nyembamba.

Mshipa ukikosekana kabisa, daktari anaweza kuchoma kwenye figo au tumboni. Ya figo hufanywa tu akiwa hana fahamu kabisa. Ya tumboni huchukua dakika kadhaa zaidi, na hilo si kosa la daktari.

Nuru_K:
Asanteni mno. Nimempigia, anatumia sindano mbili na dozi ya gabapentini ameipunguza. Watoto niwaambie wataona nini? Na kuzika?

chumba_cha_tiba:
Waambie mapema kwamba macho yatabaki wazi, na kwamba baada ya moyo kusimama anaweza kuvuta pumzi moja mbili za kushtukiza, au ndevu na misuli kucheza. Hajaamka, haoni wala hasikii. Daktari atasikiliza moyo hadi athibitishe. Kwa watoto wadogo tumieni neno "amekufa". Mkisema "amelala", wengine wataogopa kulala usiku. Asiyetaka kuwepo asilazimishwe.

Akishakufa mkunjeni vizuri mapema, mwili hukakamaa ndani ya saa chache. Paka mwingine aachwe anuse akitaka.

Kuzika ni jambo zito hapa. Pentobabitali hubaki kwenye nyama muda mrefu, na mbwa au ndege akifukua na kula anaweza kufa. Shimo liwe na kina cha angalau mita 1, mbali na kisima, na mawe juu. Msifunge kwa plastiki, nguo ya pamba inatosha. Jalalani hapana kabisa. Palipo na huduma ya kuchoma mwili, hiyo ndiyo salama zaidi.

mshipa_mwembamba:
Fomu na malipo malizeni kabla ya sindano ya kwanza. Na dawa zitakazobaki mrudishieni daktari, msimtunzie paka wa pili.