Tozo ya mafuta inunue mabasi, au kila abiria ajibebe na nauli yake?

Kibarua wa Hesabu (mleta mada)
Wakuu, mwaka 2021 Bunge lilipitisha nyongeza ya shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli, ziende TARURA zikatengeneze barabara za mitaani na vijijini. Sina ugomvi nazo. Ninachouliza: kwa nini humo isitengwe hata shilingi 20 ya kununulia mabasi ya mwendokasi? Njia zake maalumu hapa Dar tunajenga kwa mikopo, awamu ya kwanza Benki ya Dunia, ya Mbagala Benki ya Maendeleo ya Afrika. Sasa zege linabeba mtu? Mbagala zege lilikauka, vituo vikasimama, mabasi hakuna. Watu walibanana kwenye daladala huku wanaitazama njia tupu pembeni. Karibuni.

Jirani wa Kimara
Tozo tena? Halafu mkuu, mabasi hata yakiletwa mia tano, watu wa Mbagala mtaingilia dirishani. Sisi angalau mlango tulishaujua uko wapi.

Ngosha wa Igoma
Mimi nipo Mwanza. Mafuta najazia Igoma, shilingi 20 yangu ikampandishe mtu basi Kariakoo. Mleta mada, hapo unanielezaje?

Mama Rangi Tatu
@Jirani wa Kimara, mlango mnaujua nyie? Mbona mvua ikinyesha, Msimbazi ukijaa pale Jangwani, mwendokasi wenu unakufa na mnatembea kwa miguu na viatu mkononi kama sisi? Watu walipanga karakana ya mabasi hayo bondeni, leo mnatuletea ustaarabu.

Jirani wa Kimara
Povu lote hilo kwa ajili ya dirisha, dada?

Kijana wa Charambe
Ngoja nimsaidie huyu ndugu. Dirishani siyo ushamba, ni hesabu. Jioni Kariakoo una njia tatu. Usimame hadi Rangi Tatu, kule Mbagala, umekunjwa kama samaki wa kopo. Au urushe begi dirishani liwahi siti. Au ugeuze na gari: unalifuata huko linakotokea, unapanda likiwa linakuja, unakaa, unageuka nalo. Nauli unalipa mara mbili, ila unafika na mbavu zako. Kuna watu wanageuza na gari kila siku ya Mungu, mwezi mzima. Mkisikia nauli ya daladala ni ndogo, waulizeni hao.

Kibarua wa Hesabu
Hapo ndipo nilipokuwa nakwenda, Kijana. Hiyo nauli ya pili ndiyo tozo yenyewe, ila hainunui basi.

Mkongwe wa Gerezani
Mwendokasi ulipoanza 2016 nauli ilikuwa 600, watu wakapiga kelele hivyohivyo, baadaye wakazoea.

Jirani wa Kimara
650, mzee wangu. Mei 2016. Daladala ilikuwa 400. Nilikuwa naunganisha na ya kwenda Mbezi, usinifundishe.

Suka Mstaafu
Nimeendesha daladala miaka kumi na moja, sasa niseme. Gari si la dereva. Tajiri mwenye gari anataka hesabu yake ya siku jioni, foleni iwepo isiwepo. Ukishatoa hesabu na mafuta, kinachobaki ndiyo chako na konda. Ndiyo maana tunakatisha ruti, ndiyo maana tunakimbizana. Na denti, yaani mwanafunzi, anayelipa 200 amekaa siti ya mtu mzima, ananila mimi. Konda akimfungia mlango mnamwita mnyama.

Mwalimu wa Zamu
Kaka, maneno gani hayo juu ya watoto? Nina wanafunzi wanafika saa mbili na nusu, wameachwa vituoni tangu alfajiri. Binti wa kidato cha pili anasukumwa na konda ngazini, halafu unasema anakula hesabu yako?

Suka Mstaafu
Mwalimu, nami nina binti kidato cha pili. Hata yeye walimfungia mlango. Mimi nauliza ile tofauti anailipa nani. Serikali ilipanga 200, sawa, imempa dereva nini cha kufidia? Hakuna. Basi ruzuku ya wanafunzi nimeilipa mimi miaka kumi na moja na sijapewa hata risiti.

Mwalimu wa Zamu
Ungeanza hivyo tangu mwanzo, nisingekujibu kwa ukali. Ila mlango msifunge.

Mpiga Kasia
Sisi wa Kigamboni daraja tunalilipia tangu 2016, kwenda na kurudi, na hakuna mtu wa Mbezi aliyetuchangia. Kila mtu alipie njia yake, tumalizane.

Mama Rangi Tatu
Na hao denti nao wajilipie yote, si ndiyo? Wa mama ntilie na wa mkurugenzi nauli moja.

Mpiga Kasia
Sijasema denti mimi. Nimesema daraja.

Ngosha wa Igoma
Nimerudi. Shilingi 20 yangu bado hakuna aliyeijibu.

Jirani wa Kimara
Ngosha, kwani huko Mwanza mnapanda nini?

Ngosha wa Igoma
Hiace. Na tunapita mlangoni.

Suka Mstaafu
Denti wa huko analipa ngapi?

Ngosha wa Igoma
200. Akiachiwa mlango.

Suka Mstaafu
Ehe! Basi hiyo 20 yako ianzie hapo hapo Igoma, konda alipwe pengo la denti. Mwalimu, upo?