Hip-hop: mtoto wa funki na jazi, au mtoto wa runinga?

Santuri Kuukuu
Wakuu, habari za jioni. Naona vijana wanaandika kwa kujiamini kabisa kwamba hip-hop ililetwa na MTV, ile runinga ya muziki ya Marekani. MTV imewashwa Agosti 1981! DJ Kool Herc alipiga disko la Bronx, New York, 1520 Sedgwick Avenue, tarehe 11 Agosti 1973. Na alichokuwa akipiga ni funki, James Brown na wenzake. Santuri mbili za wimbo uleule: kipande cha ngoma kikiisha huku, anakianzisha kule, huku mkono mwingine unairudisha ile ya kwanza. DJ mwenzake Grandmaster Flash yeye akawa anachora santuri kwa kalamu ya nta ajue sindano aishushe wapi. Kwa hiyo funki ni baba, jazi ni babu, MTV ni jirani aliyejipenyeza kwenye picha ya harusi. Nani anabisha?

Mtoto wa Tandale
Nabisha. 1979 ndiyo ilianza, kwa ule wimbo wa rap, Rapper's Delight. Na mimi hip-hop niliijua kwa macho: kofia, raba, mbwembwe. Kipindi cha Yo! MTV Raps cha 1988 ndicho kilichoipeleka duniani. Jazi waachieni wazee wa hotelini wanaokula samaki kwa uma. Muziki wa lifti ule.

Santuri Kuukuu
1979 ni wimbo kutoka, si utamaduni kuanza. Na hata huo umesimama juu ya besi ya Good Times ya bendi ya Chic. Soma kwanza.

Tarumbeta77
Muziki wa LIFTI? Mimi napuliza saksafoni tangu nikiwa shule, nimepiga jeshini, kanisani, harusini, halafu dogo aliyejifunzia muziki kwenye simu ananiambia lifti. Ron Carter, aliyempigia besi Miles Davis, gwiji wa jazi, yumo kwenye albamu ya 1991 ya kundi la rap la A Tribe Called Quest. Rapa Guru mwaka 1993 aliwaita wanajazi Donald Byrd na Roy Ayers studio. Mpiga piano wa jazi Herbie Hancock alishaweka DJ anayekwaruza santuri kwenye wimbo wake Rockit mwaka 1983, na hao hao MTV wako wakaurusha. Lifti gani hiyo?

Mtoto wa Tandale
Sijakutaja jina mkuu, mbona unajishuku? Halafu umejimaliza mwenyewe: bila MTV vijana wangemjulia wapi huyo Herbie?

Kanda ya Video
Samahanini, mnajua kwamba Tanzania Bara hatukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka 1994? Kundi letu la rap la Kwanza Unit lilishaungana 1993, na rapa Saleh J alishachana Kiswahili juu ya mdundo wa Mmarekani Vanilla Ice kabla yao. Kaseti tu, unairudisha nyuma kwa kalamu ya Bic kuokoa betri. Sasa runinga iliingilia wapi?

Mtoto wa Tandale
Bic ya buluu au nyeusi? 😂

Tarumbeta77
Mwacheni acheke. Ukweli ni kwamba hawa hawawezi kupiga chombo. Wanachukua ngoma ya mtu, wanakata, wanabandika, wanajiita watayarishaji. Wizi mtupu.

Fundi wa Midundo
Mzee, heshima yako, lakini hapo umenigusa. Mimi naishi kwa kazi hiyo. Kukata sekunde mbili za ngoma, ukazishusha kasi, ukazipanga upya mpaka shingo ya mtu itikisike, jaribu uone. Mwizi ni nani?

Tarumbeta77
Muulize Gregory Coleman, mpiga ngoma wa wimbo Amen, Brother. Ngoma yake ya 1969, sekunde kama sita hivi, imekatwa dunia nzima. Amekufa 2006 Atlanta hana hata pa kulala.

Msee wa Buruburu
Nyinyi wa Bongo mnapenda kulia. Clyde Stubblefield, mpiga ngoma wa James Brown, ndiye alipiga ngoma ya ule wimbo Funky Drummer, si ndiyo? Na mtunzi aliyeandikwa ni James Brown, Clyde akabaki na malipo ya kazi basi. Sasa mwizi wa kwanza ni rapa ama ni huyo bosi wenu wa funki?

Santuri Kuukuu
James Brown msimguse. Aliwalisha watu wengi.

Msee wa Buruburu
Aliwatoza faini pia wakikosea jukwaani. Enyewe huyo baba alikuwa mkali.

Santuri Kuukuu
Turudi kwenye mada jamani.

Fundi wa Midundo
Mada ndiyo hii. Tarumbeta, bendi yako ikipiga nyimbo za marehemu Mbaraka Mwinshehe harusini, familia yake mnaipelekea shilingi ngapi?

Tarumbeta77
Sisi tunapiga kwa mikono yetu na jasho letu. Usifananishe.

Fundi wa Midundo
Nimeuliza shilingi ngapi.

Tarumbeta77
Bwana harusi wa mwisho mwenyewe hajamalizia nusu ya malipo yetu mpaka leo, na simu hapokei. Nimpelekee nani nini?