Swali la maji ya Shela na upana wa utafiti wa Chuo Kikuu cha Uppsala

Mwalimu wa Mkomani, Lamu
Assalamu alaikum. Mwanafunzi wangu wa zamani, mwenye shahada ya jiolojia, anataka kutafiti maji matamu yaliyo chini ya vilima vya mchanga vya Shela, ambayo mji wetu huyategemea. Tatizo ni kwamba wingi wa maji hayo ni suala la jiolojia, haki ya kujenga juu ya vilima ni suala la sheria, na namna wazee walivyochimba visima na kujenga birika za misikiti ni suala la historia. Ameshauriwa kuomba Uppsala, nchini Uswidi. Je, chuo chenye taaluma nyingi kiasi hicho hulipokea swali kama hili likiwa zima?

Msomaji wa Malindi
Wa alaikumu salaam, Mwalimu. Uppsala, kilichoasisiwa mwaka 1477, kina vitivo tisa, kuanzia teolojia na sheria hadi famasia. Ndiko alikofundisha Linnaeus, aliyeweka utaratibu wa kuipa kila spishi jina la maneno mawili. Ndiko zinakokusanywa takwimu za vita vya dunia nzima. Na ndiko Profesa Abdulaziz Lodhi, mzaliwa wa Zanzibar, alikofundisha Kiswahili. Wanaakiolojia wake wameshirikiana na wenzao wa Afrika Mashariki kuchunguza asili ya miji ya pwani yetu. Hata hivyo, mwombaji wa uzamivu huingia katika idara moja, na hiyo ndiyo itakayopima kazi yake. Achague jiolojia.

Mkaazi wa Shela aliyesoma Uswidi
Naafiki, ila jibu hilo halijakamilika. Kanuni za Uswidi zinataka kila mwanafunzi wa uzamivu awe na wasimamizi wasiopungua wawili, na wa pili anaweza kutoka idara nyingine. Hapo ndipo sheria au historia itakapoingia kwa haki, badala ya kubaki sura moja ya utangulizi.

Tena, asiishie kutazama kampasi kuu. Tangu mwaka 2013 Uppsala ina kampasi katika kisiwa cha Gotland, mjini Visby, mji wa kale wenye ukuta ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1995, miaka sita kabla ya Lamu. Kisiwa hicho ni cha mawe ya chokaa yenye udongo mwembamba, na wakaazi wake wamepata uhaba wa maji hata wakalazimika kusafisha maji ya bahari. Huko uhifadhi wa majengo ya kale na maendeleo endelevu ni taaluma zinazoishi pamoja, na kwa maoni yangu hakuna mahali panapofanana na shida yetu zaidi ya hapo.

Msomaji wa Malindi
Sikuwa nimeifikiria Gotland, nami nashukuru. Niongeze kuhusu fedha: tangu mwaka 2011 wanaotoka nje ya Ulaya hulipa ada ya uzamili, lakini uzamivu hauna ada, na aghalabu nafasi zake hutangazwa kama ajira yenye mshahara. Nafasi nyingi huelekea tiba na sayansi, jambo linalowaonea wanahistoria.

Mwalimu wa Mkomani, Lamu
Ahsanteni sana. Basi ataomba kupitia jiolojia na kutafuta msimamizi wa pili upande wa sheria. Kabla ya kuwaandikia, ataanza kupima chumvi ya visima vya Shela, kiangazi na masika, ili awe na vipimo vyake mwenyewe vya kuwaonyesha.