Mrejesho: cherehani ya ngozi nishapata

Wakuu, mwezi uliopita niliuliza kama cherehani ya nyumbani itashona ngozi ya mikanda mkanikataza, asanteni sana aisee. Nimechukua yuzdi (iliyokwisha tumika) ya viwandani, ile mguu na sindano vinatembea pamoja, iko hapa Igoma tayari. Ilikuja na mota ya klachi, ukigusa pedali tu imeshakimbia, nikaitoa nikafunga mota ya sevo, ile unayoweza kuipunguza mwendo, na puli ndogo (gurudumu la mkanda wa mota), sasa nashona tundu moja moja hata kwenye kona, raha sana! Uzi mnene namba 138 nimeuwekea sindano namba 23 ya ncha ya ngozi maana ile 18 ilikuwa inakata uzi kila saa mpaka nikataka kulia. Jana nimemaliza mikanda minne na makobazi ya mama.